Kufufua mashine ya kufuma ya nyumbani wakati wa likizo, na kofia ya kwanza ya mtoto

Mashine ya kufuma iliyolala juu ya kabati miaka mingi ikigoma, mshukiwa wa kwanza ni sponji. Mwongozo huu ni wa mashine za nyumbani za kitanda kimoja (safu moja ya sindano) zenye sindano 200 zilizoachana kwa milimita 4.5: Brother, Silver Reed, Knitmaster, Toyota (naam, jina lile lile la magari). Zile nzito za chuma za mafundi wa sweta za shule zina utaratibu wake. Siku ya kwanza ya likizo iwe ya usafi tu, hata watoto wakilalamika.

1. Toa upau wa sponji

Rudisha sindano zote nyuma kabisa, nafasi A. Ukitazama pembeni mwa kitanda cha sindano, karibu na ukingo wa mbele, utaona ncha ya upau mwembamba wa chuma. Usukume kwa bisibisi upande mmoja hadi utokeze upande wa pili, kisha uvute wote. Chini yake kuna sponji, na kazi yake ni kuzikandamiza sindano zilale kitandani. Ikiwa mpya ni nene na inadunda. Ikizeeka inabonyea kama karatasi, au inageuka ulimbo mweusi unaonata kila mahali. Sindano zisizokandamizwa huinua vichwa, na hapo vitanzi vinaanguka na kereji (kile kichwa unachosukuma kulia na kushoto) inakwama.

Kwangua ulimbo wote kwa kijiti, malizia kwa kitambaa chenye spiriti. Kata ukanda wa sponji laini upana wa upau, unene wa sentimita 1 hivi, uugandishe ndani yake. Juu ya sponji gandisha utepe laini wa kushonea. Usipouweka, sindano zitaichana sponji ndani ya wiki. Upau ukigoma kabisa kurudi, sponji ni nene mno. Ukiingia bila ukinzani wowote, ni nyembamba mno.

2. Sindano na kereji

Kabla ya kurudisha upau, chomoa sindano moja moja. Zilaze kwenye spiriti saa chache, zifute, kisha jaribu ulimi wa kila moja (kile kipande kidogo kinachofunga ndoano): lazima ufunguke na kufunga kwa kuguswa tu. Iliyopinda au yenye ulimi mzito itupe. Kama huna za akiba, hamisha zile za pembeni kabisa mwa kitanda zije katikati. Za pembeni hutumika mara chache, kwa hiyo huwa bado nzima.

Pindua kereji. Futa mafuta yaliyoganda, chezesha kila kitufe mpaka kilegee, kisha tia matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasikaribie hapa, yataganda upya. Kwenye bati la mbele kuna magurudumu madogo ya brashi, na mara nyingi yamezongwa na nyuzi za zamani. Yafungue, toa nyuzi, hakikisha yanazunguka. Gurudumu lisilozunguka ndilo linaloacha vitanzi vikining'inia upande mmoja tu wa kitambaa.

3. Uzi

Uzi wa akriliki wa koni unafaa, na mabaki yake hupatikana kwa bei nafuu kwa mafundi wa sweta. Ukiwa mwembamba sana, fuma nyuzi mbili pamoja. Uzi wa dukani uliozongwa kama mpira uukunje upya uwe mlegevu, utoke bila kukwamakwama: uzi unaovutwa kwa nguvu hutengeneza mstari mmoja uliobana katikati ya kazi nzuri. Uzi mkavu ufanye upite juu ya kipande cha mshumaa unapoukunja.

4. Kipimo

Usiruke hatua hii. Anza na sindano 60, thelathini kila upande wa sifuri (alama ya katikati ya kitanda); namna ya kuanzisha vitanzi iko hatua ya 5. Fuma mistari 20, kisha ning'iniza kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye sindano ya 21 kushoto na ya 21 kulia. Kati yake pana vitanzi 40. Fuma mistari miwili ya rangi nyingine, 60 ya rangi yako kwa mkazo namba 7 (namba za mkazo ziko juu ya kereji), na miwili ya rangi tena. Kifue kitambaa, kilaze kikauke, ndipo upime.

Tuseme vitanzi 40 vimetoa sentimita 14, na mistari 60 imetoa 15. Kofia yenye upana wa sentimita 48 itahitaji 48 × 40 ÷ 14, yaani 137. Ongeza vya mshono, fanya 140. Urefu wa sentimita 24 ni mistari 96. Uzi utakaotumika ni kama gramu 50.

5. Kofia

Toa sindano 140 hadi mbele kabisa (E kwa Brother, D kwa Silver Reed). Kereji iwe kulia. Funga uzi kushoto, kisha zungushia kila sindano kinyume cha saa ukielekea kulia, kwa mkono mlegevu. Weka uzi kwenye mdomo wa kereji, fuma. Kwa mistari mitano ya mwanzo, sogeza sindano mbele tena kabla ya kila mstari, halafu tundika vyuma vya uzito pembeni na uvipandishe kila mistari 20.

Mtoto mkubwa anaweza kusukuma kereji, kwa sharti moja: aangalie uzi kabla ya kila mstari. Kereji ikipita bila uzi mdomoni, kazi yote inaanguka sakafuni. Ikikwama, msiilazimishe, legeza skrubu za bati la mbele, liondoe, ndipo uinue kereji.

Baada ya mistari 96, hamishia kila kitanzi cha pili kwa jirani yake, rudisha sindano tupu A, ongeza mkazo kwa namba moja, fuma mistari miwili. Kata uzi ukiacha sentimita 80, upitishe kwa sindano butu kwenye vitanzi vyote 70, vuta, funga. Shona ubavu kuanzia juu. Ukingo wa chini utajikunja wenyewe kwa nje, kwa hiyo sentimita 3 za mwisho zishone kwa upande wa ndani ili mshono usionekane. Pasi ya moto usiiguse: akriliki ikipigwa pasi hulegea moja kwa moja, na kofia hairudi tena kushika kichwa.