Kujaza kipato na watu wa nyumbani kwenye HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuomba bima ya afya

Watu wengi wanakwama hapa, wanadhani "familia" ni kila anayelala kwenye nyumba, kumbe sivyo. Marekani kwenye hii bima wanafuata fomu yako ya kodi, yaani wewe, mume au mke, na wote unaowaandika kwenye fomu hiyo kama tegemezi (watu unaowatunza), hata kama wao hawahitaji bima muweke tu. Rumeti, yaani mtu mnayechangia naye nyumba, hahesabiwi. Mama unayemtumia hela kila mwezi Afrika naye kwa kawaida hahesabiwi, inauma lakini ndo sheria.

Kipato sasa, wanataka makadirio ya mwaka ule bima itakapofanya kazi, sio wa jana. Weka mishahara ya wote, na kama unaendesha Uber andika faida baada ya kutoa gharama za kazi. Hela ya matunzo ya mtoto, zawadi na SSI (hela ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) usiweke.

Kazi ikibadilika au mtoto akizaliwa ingia urekebishe ndani ya siku 30, maana ukikadiria chini sana, ruzuku (msaada wa serikali wa kulipia bima) uliyopata zaidi ya haki yako wanakudai ukijaza fomu 8962 ya kodi, na kuanzia mwaka wa kodi 2026 wanaidai yote.