Kuchapa mwezi na mvua kwa vibao vya mbao, mtindo wa Kijapani

Mwezi haupakwi rangi. Tazama picha za usiku za Hiroshige au Kawase Hasui, wasanii wa Kijapani wa picha za vibao: lile duara jeupe ni karatasi tupu. Kazi yako ni giza linaloizunguka.

1. Mwezi. Kwenye kibao cha anga, chimba duara. Likiwa kubwa, zidisha kina, maana karatasi yenye unyevu hubonyea ikisuguliwa na kugusa rangi iliyo chini. Mcheri ndio mbao ya jadi. Kwa kujifunzia, plaiwudi laini inatosha.

2. Anga. Lowanisha karatasi mapema, unyevu uenee sawasawa. Chapa kwanza bluu nyepesi anga nzima. Kisha fanya bokashi, yaani rangi inayofifia: futa kibao kwa kitambaa chenye maji pale unapotaka ipotelee, weka bluu ya Prussia na gundi kidogo ya mchele ukingo wa juu tu, halafu peleka brashi kushoto na kulia ukishuka polepole. Rangi ikikutana na maji inayeyuka yenyewe. Weka karatasi, sugua mgongo wake kwa bareni, kile kisugulio bapa cha mviringo. Rudia mara mbili tatu kwa rangi nyepesi. Ukitaka giza lote kwa mkupuo mmoja utapata madoa.

3. Mvua. Hapa ndipo penye jasho. Katika picha ya Hiroshige ya mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ōhashi (1857), mistari ya mvua ilichongwa kwenye vibao viwili, pembe zikipishana kidogo, ndiyo maana mvua ile ina kina. Fanya hivyohivyo. Mstari ndio unaobaki umesimama, mbao ya pande zote mbili inaondoka. Kata upande mmoja wa mistari yote, zungusha kibao, kata wa pili. Laza kisu kidogo ili kila mstari uwe na kitako kipana, na nyuzi za mbao zifuate mvua, la sivyo mistari itakatika.

Kila kibao kiwe na kento zake, yaani alama za kupangia karatasi, kona moja na mstari mmoja, karatasi ikae palepale. Mvua ichapwe mwisho, kwa wino mweusi uliozimuliwa hadi kijivu.

Mwezi mpevu na mvua kubwa siviweki pamoja. Usiku wa mvua, mwanga nautoa dirishani: njano kidogo, na mng'ao wake kwenye njia iliyolowa.

Mistari ikitoka minene, punguza rangi kwenye brashi, si nguvu ya mkono.