Kusomea Usaidizi wa Tiba Katika Chuo cha Jamii Nchini Marekani

Kabla ya kujaza fomu yoyote, jina la kazi hii ya msaidizi wa tiba, kwa Kiingereza medical assistant, lieleweke kwanza, kwa sababu limewapotosha watu wengi waliotoka Afrika Mashariki. Tanzania na Uganda za zamani zilikuwa na cheo chenye jina hilohilo kwa Kiingereza, na aliyekuwa nacho alipima wagonjwa, akatambua maradhi na kuandika dawa. Ndiye ambaye baadaye alikuja kuitwa afisa tabibu. Msaidizi wa tiba wa Marekani, ambaye matangazo ya kazi humtaja kwa herufi mbili tu, MA, hafanyi hayo. Yeye humwita mgonjwa kutoka chumba cha kusubiria, humpima uzito, joto na shinikizo la damu, huandika historia yake kwenye kompyuta, huchoma sindano na kutoa damu kwa maagizo ya daktari, kisha huenda mapokezi kupanga miadi na kushughulika na kampuni za bima. Afisa tabibu aliyehamia Marekani na kuichukua kazi hii atakuwa ameshuka ngazi kadhaa, na ni afadhali alijue hilo mapema, hata kama ataamua kwamba ndio mlango wa haraka zaidi wa kuingia katika sekta ya afya.

Kozi ya cheti katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma kinachotoa masomo ya miaka miwili au pungufu, huchukua kati ya miezi tisa na mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote. Swali la kwanza la kumwuliza mshauri wa wanafunzi si ada bali ni ithibati: je, kozi hii imeidhinishwa na CAAHEP au ABHES, taasisi zinazokagua ubora wa kozi za afya? Njia ya kawaida ya kuufikia mtihani wa cheti cha CMA, unaotolewa na chama cha wasaidizi wa tiba cha AAMA na ambao waajiri wengi huuheshimu, ni kuhitimu kozi yenye ithibati ya mojawapo ya taasisi hizo mbili. Ipo mitihani mingine ya vyeti vya kazi hii, kama RMA wa shirika la AMT na CCMA wa shirika la NHA, ambayo milango yake ni mipana zaidi. Soma pia sheria za jimbo lako, kwa kuwa hazifanani. Washington humtaka msaidizi awe na kibali cha Idara ya Afya ya jimbo kabla ya kugusa mgonjwa, ilhali California haitoi leseni ya kazi hii lakini imeweka kisheria saa za mafunzo ya kuchoma sindano na kutoa damu. Shule za kibiashara hujitangaza kwa nguvu na kuahidi kumaliza upesi; linganisha ada zake na za chuo cha jamii kabla ya kutia sahihi mkataba wa mkopo.

Kuhusu fedha, jaza mapema fomu ya FAFSA, ambayo ndiyo ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kupata ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi na ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–2025 kilikuwa dola 7,395. Mwenye viza ya mwanafunzi haipati.

Chuo kitataka uthibitisho kwamba ulimaliza sekondari. Cheti cha nyumbani hupelekwa kutathminiwa na mojawapo ya mashirika wanachama wa NACES, chama cha watathmini wa vyeti vya nje, na aliyepoteza karatasi zake vitani au kambini anaweza kufanya mtihani wa GED, unaokubaliwa badala ya cheti cha sekondari. Baadhi ya vyuo hupima pia Kiingereza cha mwombaji. Wanaoishi Washington waulizie mpango wa I-BEST, ambamo mwalimu wa lugha na mwalimu wa fani hufundisha darasa moja pamoja, ili mwanafunzi asikae miaka miwili akijifunza Kiingereza kitupu kabla ya kuanza masomo ya kazi.

Jambo linalochelewesha watu wetu kuliko masomo yenyewe ni karatasi za afya, maana bila hizo hakuna kliniki itakayokupokea kwa mafunzo ya vitendo. Utatakiwa kuonyesha chanjo au kinga ya surua, tetekuwanga na homa ya ini aina ya B, na chanjo hii ya mwisho katika utaratibu wake wa kawaida ina dozi tatu zinazochukua miezi sita. Kwa hiyo ianze siku unayoamua kusoma, si siku unayopokelewa. Kisha kuna kifua kikuu. Wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, na kovu lake begani ni shahidi. Chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe hata kama huna vijidudu vya ugonjwa, ukajikuta unapelekwa kupigwa picha ya kifua na kueleza mambo usiyohusika nayo. Omba kipimo cha damu kiitwacho IGRA, ambacho hakidanganywi na BCG. Yapo pia mafunzo ya kuokoa maisha ya BLS, uchunguzi wa rekodi za jinai na kipimo cha dawa za kulevya.

Darasani, istilahi za tiba huwatisha wengi, lakini Mswahili ana faida ambayo hakuitarajia. Maneno hayo hujengwa kwa viambishi vya Kigiriki na Kilatini, na mtu aliyekua akitenganisha mganga, uganga na kuganga bila kufundishwa hachelewi kuona kwamba hyper ni kuzidi, hypo ni kupungua, na itis ni uvimbe. Kinachosumbua zaidi ni vipimo: joto husomwa kwa Fahrenheit, ambapo 98.6 ndiyo 37 yetu na 100.4 ni homa, na uzito husomwa kwa pauni, ambapo kilo moja ni pauni 2.2.

Mafunzo ya vitendo katika kozi zenye ithibati hufikia angalau saa 160 na kwa kawaida hayalipwi, tena aghalabu huwa mchana. Mwenye kazi ya kiwandani au watoto wadogo apange mapema. Huko utakutana na majirani, na sheria ya faragha ya HIPAA ya mwaka 1996 inakataza kuyatoa nje uliyoyaona, hata kwa shangazi anayeuliza kwa nia njema. Ukiombwa kumtafsiria mgonjwa Mkongo kwa kuwa tu unajua Kiswahili, mwulize msimamizi kama umeidhinishwa kufanya kazi ya ukalimani, kwani neno moja la dozi likikosewa linaweza kumdhuru mgonjwa.

Mtihani wa CMA una maswali 200 katika vipindi vinne vya dakika 40, na 180 tu ndiyo huhesabiwa. Cheti hudumu miezi 60. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa kazi hii, kwa takwimu za serikali, ulikuwa dola 42,000 kwa mwaka. Anayekusudia kuwa muuguzi baadaye amwulize mshauri, kabla ya kujisajili, ni somo lipi la anatomia litakalokubaliwa na shule ya uuguzi, kwa kuwa lile la kozi ya cheti mara nyingi halihamishiki.