Piga simu Ijumaa usiku kabla ya kulipia chumba

Ukitafuta pa kulala Westlands, Nairobi, ili uwe karibu na baa na mikahawa ya Woodvale Grove na Mpaka Road, usilipie kwa kuangalia picha tu. Ipigie hoteli simu Ijumaa au Jumamosi, saa tano usiku kwenda mbele, kisha sikiliza. Mhudumu wa mapokezi akikujibu kwa kupaza sauti huku besi ikidunda nyuma yake, jibu umelipata. Kukiwa kimya, uliza vyumba visivyotazama barabara viko ghorofa ya ngapi, na uombe kimoja. Picha hupigwa mchana, na anayesifu utulivu huenda alilala hapo Jumanne.

Mbinu hii haisaidii sana kwenye nyumba za kupanga kwa usiku mmoja mmoja, maana hazina mapokezi. Mwenyewe anaweza kukupokea simu akiwa kwake Rongai, nje ya jiji. Tena hata hotelini, mapokezi huwa chini. Jengo la jirani likiwa na baa juu ya paa, ghorofa ya nane ndiyo inayokesha na muziki. Hapo angalia ramani kwanza.