Dagaa mchele huharibika kuanzia tumboni

Dagaa mchele, wale wenye mstari wa fedha ubavuni na mwili unaokaribia kupenya mwanga, hupenda maji ya karibu na pwani: ghuba na midomo ya mito, mahali penye rutuba. Chakula chao ni planktoni, vijidudu vinavyoelea majini. Mchana kundi hushuka chini, usiku hupanda kula. Taa ya mvuvi huvuta vijidudu, na dagaa nao wakafuata. Mbalamwezi ikiwa kali taa hupoteza nguvu, ndiyo maana wavuvi hungoja giza.

Hapo ndipo wavuvi na wachemshaji wengi, wale wanaochemsha dagaa kwa maji ya chumvi kabla ya kuwaanika, hawatilii maanani: dagaa aliyevuliwa usiku mara nyingi ameshiba. Vimeng'enya vya tumboni, yaani kemikali zinazosaga chakula, haviachi kazi akifa, huanza kumla yeye mwenyewe. Ngozi ya tumbo ni nyembamba mno, na joto letu halisubiri. Ukiona matumbo yamepasuka na nyama imelegea pembeni ya mbavu, kazi imekwishaharibika hata kabla ya chumvi.

Chukua barafu kabla ya kutoka, si baada ya kurudi. Wapange kwenye kreti zisizo na kina, kwa tabaka za dagaa na barafu. Ukiwarundika sakafuni mwa boti, wa chini husagika. Jua likikuta shehena bila barafu, bakteria huzalisha histamini, sumu inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na kuchemsha hakuiondoi. Mlaji ataumwa na wewe hutaona dalili kwenye sufuria.

Bandikeni maji ya chumvi yachemke kwanza, kisha dagaa waingie kidogo kidogo. Macho yakigeuka meupe, waopoe. Maji yakichafuka, badilisheni; kwa kweli kuni za ziada ni ghali, lakini dagaa wenye rangi ya matope hawapati bei. Waanikeni kwenye vichanja, siyo mchangani, na wakati wa masika msichemshe kuliko mnavyoweza kukausha siku hiyo.

Kuhusu uvuvi wenyewe: dagaa huishi muda mfupi na hutaga mara nyingi, mayai yakaelea majini. Lakini taa huvuta pia watoto wa vibua na samaki wengine wanaochelewa kukua. Mvuto wa kwanza wa wavu ukileta wengi wa hao, zima taa, hamia sehemu nyingine.