Somo: Namna ya kusoma hati za utumwa za Marekani ya awali

Anayezifungua hati hizi kwa mara ya kwanza hutarajia kuisikia sauti ya mtumwa, kumbe anayezungumza ni mwenye mali. Wosia, orodha za mirathi, hati za mauzo na matangazo ya magazetini, karibu zote ziliandikwa ili kulinda mali, na mtu aliyetumikishwa hutajwa humo kwa kadiri tu mwandishi alivyomhitaji. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalirudia swali moja: aliyeandika alitaka kupata nini?

Hatua ya kwanza: itambue hati.
Orodha ya mirathi iliandikwa bwana alipofariki: wakadiriaji waliandika vitanda, ng'ombe na watu katika orodha moja, kila kimoja na bei yake, na bibi kizee mara nyingi aliandikiwa sifuri. Hati ya mauzo inamlinda mnunuzi. Tangazo la mtoro linataka mtu akamatwe, na hilo ndilo tutakalolisoma.

Hatua ya pili: soma hati moja polepole.
Mnamo Septemba 1769 gazeti la Virginia Gazette lilichapa tangazo la Thomas Jefferson, aliyekuwa na miaka 26, na ambaye miaka saba baadaye alikuja kuandika Tamko la Uhuru la Marekani. Anamtafuta Sandy, mwanamume wa miaka kama 35, mfupi, mnene kiasi, mweupe wa ngozi kidogo. Ni fundi viatu anayetumia zaidi mkono wa kushoto, anaweza useremala wa kawaida, na ana uzoefu wa mambo ya farasi. Kisha zinafuata lawama: ni mlevi, mtukanaji, mjanja. Ameondoka na farasi mweupe mwenye makovu ya kamba za kukokotea, pamoja na vifaa vyake vya kushonea viatu. Atakayemkamata atapata shilingi 40 ikiwa ni ndani ya kaunti, pauni 4 ikiwa ni kwingineko ndani ya koloni, na pauni 10 ikiwa ni koloni jingine.

Sasa chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa moja pigia mstari hukumu za bwana, na kwa nyingine mambo ambayo bwana asingefaidika kwa kuyadanganya. Mkono wa kushoto uamini, kwa sababu tangazo la uongo halimkamati mtu. Ulevi uweke kando kwanza. Vifaa vya kazi vitazame mara mbili: anayekimbia kwa hasira za usiku mmoja habebi msharasi, na Jefferson mwenyewe anasema kwamba huenda Sandy akatafuta riziki kwa ufundi huo, yaani alijua fika kwamba mtu huyu angeweza kuishi bila bwana. (Neno «mjanja», mimi hulisoma kuwa ni sifa.)

Hatua ya tatu: itafute hati ya pili.
Tangazo likisomwa peke yake humwacha Sandy njiani, juu ya farasi, na msomaji hujipa moyo. Kumbukumbu za Jefferson zinaonyesha kwamba alirudi mikononi mwake, na mwaka 1773 akamuuza kwa pauni 100.

Hatua ya nne: ukitafuta ukoo, anzia 1870 na urudi nyuma.
Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza ya taifa iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Kabla yake, majedwali ya watumwa ya 1850 na 1860 yana jina la bwana, na chini yake, takriban kila mahali, umri, jinsia na rangi tu. Kati ya miaka hiyo daraja lako ni jalada za Ofisi ya Walioachwa Huru, ofisi ya serikali ya kuwasaidia waliotoka utumwani, iliyoanzishwa mwaka 1865.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kama makarani walifika hadi mashambani, kwa nini hawakuandika majina?
Jibu: Seneti ilipojadili sensa ya 1850 safu ya majina ilipendekezwa, maseneta wa majimbo ya Kusini, yenye watumwa, wakaipinga, nayo ikaondolewa. Idadi ilitosha, kwa kuwa Katiba iliwahesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti vya Bunge. Rudi kwenye swali letu, nawe utaona aliyefaidika.

Swali: Je, jina la ukoo la mwaka 1870 ni la bwana wa mwisho?
Jibu: Usilichukulie hivyo. Wengine walichukua jina la bwana wa zamani zaidi, wengine la kwao wenyewe. Daftari za Benki ya Akiba ya Walioachwa Huru, iliyodumu 1865 hadi 1874, mara nyingi zina majina ya wazazi na ndugu wa mwenye akaunti, kwa sababu benki ilihitaji kumtambua yeye au warithi wake.

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi wa pwani hati hizi zinatuhusu nini?
Jibu: Marahaba. Waulize wazee habari za kitambaa cha merikani. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini, kikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, merikani iliadimika huku kwetu. Katika barua za biashara utakuta marobota, bei na pembe za ndovu. Mchuma pamba umtafute katika orodha ya mirathi ya Mississippi.

Swali: Katika gazeti la 1769 naona herufi f mahali pasipostahili. Ni makosa ya uchapaji?
Jibu: Hapana, hiyo ni s ndefu ya zamani, inayokaa mwanzoni au katikati ya neno. Itazame kwa karibu: kijistari chake cha katikati hakivuki upande wa kulia, au hakipo kabisa.