Kasi na msawazo wa mmenyuko: majaribio mawili, maswali mawili tofauti

Nafundisha kemia ya sekondari, na kosa ninalolikuta kwenye madaftari kuliko yote ni hili: mwanafunzi anaulizwa joto linafanya nini kwenye mmenyuko, anajibu "linaongeza", basi. Linaongeza kasi, au linaongeza mazao, yaani kiasi cha kitu kinachoundwa? Mmenyuko unaweza kwenda mbio sana ukaishia njiani, na mwingine ukajikokota hadi ukamaliza kila kitu. Mtu asiyetenganisha mambo hayo mawili atahangaika na mada hii mpaka mtihani umkute.

Majaribio haya mawili yanayatenganisha mbele ya macho. Kemikali zake ni za kawaida kwenye maabara ya kidato cha nne. La kwanza ni lile maarufu la alama ya X inayopotea. La pili linatumia vitendanishi vilevile tunavyotambulia ayoni za chuma.

Hatua ya 1: Andaa mimumunyo

Pima gramu 12.4 za fuwele za thiosulfati ya sodiamu (Na₂S₂O₃·5H₂O), ziyeyushe, kisha jaza maji hadi 250 mL. Huo ni mmumunyo wa 0.2 M (M ni moli kwa lita). Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na uuandae siku hiyohiyo, kwa sababu ukikaa, bakteria na hewa ya ukaa huuharibu polepole.

Kwa asidi hidrokloriki ya 1 M, mimina 21.5 mL za asidi kali ya asilimia 36 ndani ya maji kama 150 mL, koroga, kisha jaza hadi 250 mL. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, usigeuze kamwe. Vaa miwani ya kukinga macho.

Weka pia ndoo yenye maji ya magadi karibu na meza. Mmenyuko wa thiosulfati na asidi unatoa gesi ya salfa dioksaidi, inayowasha koo na kifua. Kila bika likimaliza kazi, limwage humo mara moja: magadi yataondoa ukali wa asidi na kuimeza gesi. Fungua madirisha yote. Mwanafunzi mwenye pumu mpe kazi ya kuandika namba, akae mbali na meza.

Hatua ya 2: Pima muda wa X kupotea

Chora X kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe na usimamishe juu yake bika dogo la 100 mL. Tia 10 mL za thiosulfati. Kwa silinda nyingine, mimina 10 mL za asidi kwa mkupuo, washa saa papo hapo, tikisa bika mara moja na utazame kutoka juu. Salfa inajitenga kwa chembe ndogondogo na kuleta ukungu wa rangi ya maziwa yenye umanjano:

Na₂S₂O₃ + 2HCl → 2NaCl + S + SO₂ + H₂O

X isipoonekana tena, simamisha saa.

Rudia kwa 8 mL za thiosulfati na 2 mL za maji, halafu 6 na 4, 4 na 6, 2 na 8. Maji hutangulia, asidi huja mwisho. Jumla lazima ibaki 20 mL kila mara, na hapa ndipo wengi huteleza. Ujazo ukipungua, kina cha maji ndani ya bika nacho kinapungua, na ukungu uleule utachelewa kuificha X. Utadhani umepima kasi, kumbe umepima kina. Kwa sababu hiyohiyo usibadilishe bika, wala karatasi, wala mtazamaji. Macho ya watu wawili hayakubaliani X imepotea lini.

Silinda ya asidi na ya thiosulfati zitie alama. Mwaka mmoja kundi zima darasani kwangu lilipata namba zisizoeleweka, na tulipotafuta chanzo tukakuta wameazimana silinda: mabaki ya asidi yalikuwa yanaanza kazi kabla saa haijawashwa. Siku hizi nafunga uzi mwekundu kwenye kila silinda ya asidi.

Asidi haibadilishwi na ipo ya kutosha kupita kiasi. Kwenye 10 mL za asidi mna milimoli 10, na thiosulfati yote ya jaribio la kwanza inahitaji 4 tu. Kwa hiyo mabadiliko ya muda unayoyaona yanatoka kwenye thiosulfati peke yake.

Hatua ya 3: Zisome namba

Chukua mfano huu. Ujazo wa thiosulfati ni 10, 8, 6, 4 na 2 mL. Muda ni sekunde 30, 38, 51, 77 na 158. Ukolezi ndani ya mchanganyiko ni 0.10, 0.08, 0.06, 0.04 na 0.02 M, maana 20 mL ni mara mbili ya 10.

Tunatumia 1/t (moja gawanya kwa muda) kama kipimo cha kasi kwa sababu X hupotea salfa inapofikia kiasi kilekile kila mara. Kazi ni ileile, kinachobadilika ni muda wa kuimaliza. 1/t zinakuwa 0.033, 0.026, 0.020, 0.013 na 0.006. Chora grafu ya 1/t dhidi ya ukolezi na utapata mstari mnyoofu unaoelekea kwenye sifuri. Ukolezi ukipungua nusu, kasi inapungua nusu.

Kabla ya grafu mimi huwaambia wazidishe ujazo kwa muda: 300, 304, 306, 308, 316. Kama namba hizi zinakaribiana, umefanya vizuri. Ikitokea moja inakimbia, mathalani 240, rudia jaribio hilo kabla hujaosha vyombo. Ile 316 ya mwisho haipaswi kukushtua, kwa kuwa ukungu ukija taratibu, jicho husita.

Usilinganishe pia muda wako na wa kitabu. Chumba cha maabara Tanga mwezi wa pili kina joto la zaidi ya nyuzi 30, na Njombe mwezi wa saba kinaweza kuwa nusu ya hapo. Mmumunyo ni uleule, lakini sekunde zitatofautiana mno.

Hatua ya 4: Ongeza joto

Tumia 4 mL za thiosulfati na 6 mL za maji. Pasha mchanganyiko huo kwa kuusimamisha ndani ya maji ya moto hadi nyuzi 40, mimina asidi, na upime jotoridi la mchanganyiko baada ya asidi kuingia. Asidi ni ya baridi na itashusha kipimo. Ukiandika 40 utakuwa umeandika jotoridi ambalo mmenyuko haukufanyikia. Rudia kwa 50. Mimi siendi juu zaidi, kwani gesi inatoka kwa nguvu na muda unakuwa mfupi kupimika.

Kwa mimenyuko mingi ya namna hii, kila nyuzi 10 zinakaribia kuongeza kasi maradufu. Kwa nini? Jibu la kawaida ni kwamba chembe zinakwenda mbio na kugongana mara nyingi zaidi. Hilo ni kweli, lakini dogo mno. Kutoka kelvini 300 hadi 310, mwendo wa wastani wa chembe unaongezeka chini ya asilimia 2. Asilimia 2 haileti maradufu. Kinachobadilika sana ni idadi ya chembe zenye nishati ya kuvuka kizingiti, yaani nishati ya chini kabisa inayohitajika ili mmenyuko utokee, zinapogongana. Svante Arrhenius, mwanakemia wa Uswidi, ndiye aliyelieleza hili mwaka 1889. Mwanafunzi akiandika neno "kizingiti", mimi humpa alama kwa furaha.

Hatua ya 5: Sasa tazama mmenyuko usiofika mwisho

Changanya 1 mL ya kloridi ya chuma (III) ya 0.1 M na 1 mL ya thiosayaneti ya potasiamu ya 0.1 M. Rangi itakuwa nyekundu ya damu. Zimua kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi iliyokolea kiasi, kisha gawa kwenye testityubu tano.

Fe³⁺ + SCN⁻ ⇌ FeSCN²⁺

Ya kwanza iache iwe ya kulinganishia. Ya pili iongeze matone ya kloridi ya chuma: wekundu unakolea. Ya tatu iongeze matone ya thiosayaneti: wekundu unakolea pia. Hapo nyamaza uwaache wanafunzi wafikiri. Kama thiosayaneti ingekuwa imekwisha, chuma cha ziada kingeshikana na nini? Kama chuma kingekuwa kimekwisha, thiosayaneti ya ziada ingeshikana na nini? Vyote viwili vilikuwa bado vimo.

Ya nne iongeze matone ya hidroksidi ya sodiamu. Chuma kinajitenga kama mashapo ya kahawia na wekundu unafifia. Chuma huru kimeondolewa, na FeSCN²⁺ imevunjika kufidia.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa imekwisha au haijaisha?" Nikamwambia afikirie kivuko cha Magogoni na Kigamboni, Dar es Salaam. Ikitokea wanaovuka kwenda kwa saa ni sawa na wanaovuka kurudi, idadi ya watu kila ng'ambo haibadiliki, ingawa watu hawajaacha kuvuka. Wala hakuna anayesema Kigamboni na upande wa mjini lazima ziwe na watu sawa. Kinacholingana ni kasi za pande mbili, na hali hiyo ndiyo tunayoiita msawazo. Viasi vinatulia tu, vyovyote vilivyo.

Hatua ya 6: Joto tena, kwa testityubu ya tano

Itumbukize kwenye maji ya moto, ukiilinganisha na ya kwanza. Wekundu unapauka. Ihamishie kwenye maji ya barafu, wekundu unarudi.

Katika hatua ya 4 joto liliharakisha. Hapa pia limeharakisha, tena pande zote mbili, lakini kuundwa kwa FeSCN²⁺ hutoa joto, kwa hiyo ukipasha, msawazo unaegemea upande wa kuivunja. Kasi imepanda, mazao yamepungua.

Kiwanda cha amonia kinabanwa na jambo hilihili. N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃ hutoa takriban kilojuli 92. Kwa ajili ya mazao, baridi ingefaa. Lakini kwenye baridi kasi ni ndogo mno kwa kiwanda. Tangu kiwanda cha kampuni ya kemikali ya BASF kilipoanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, suluhu imekuwa jotoridi la kati, nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo mkubwa, na kichocheo cha chuma, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Amonia inatolewa kwa kupozwa, na gesi zilizobaki zinarudishwa mzunguko upya. Mfuko wa urea unaomwagwa shambani umepitia njia hiyo.

Maswali ya aina hii wanafunzi wangu huyajibu kwa safu mbili daftarini, "kasi" na "msawazo", na kila badiliko hujazwa kotekote. Kwenye mstari wa kichocheo, safu ya kwanza wanaandika "inapanda, kwenda na kurudi". Ya pili wanaandika "hausogei".